Haro Iliyokuwa Pana Kuliko Banda

Mwaka nilioolewa nilihamia kwenye banda la trekta. Sisemi nyumba iliyokuwa jirani na banda, wala chumba kilichojengwa kando yake. Nasema ndani ya banda lenyewe, upande wa kulia ukiingia, nyuma ya kiambaza cha mikeka na makuti ambacho mume wangu alikisimamisha siku moja kabla ya harusi. Upande wa pili wa kiambaza lilikaa trekta, nyuma yake tela, na ukutani kabisa magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho.

Mimi ni mtoto wa Mikindani. Nimekulia kwenye nyumba ya mawe ya bibi yangu, nyumba ya kuta nene na vyumba vya giza ambavyo havijui jua la mchana. Mama yangu aliuza vitumbua barazani. Mume wangu nilimwona kwa mara ya kwanza pale pale, amesimama na mikono yenye grisi, anaomba afungiwe vitumbua vyake kwenye karatasi asije akavichafua. Alikuwa dereva wa trekta la mzee mmoja mwenye shamba la mikorosho na mihogo upande wa Mto Ruvuma. Watu wake walivuka mto wakati wa vita kule ng'ambo, yeye akiwa wa kubebwa mgongoni. Shule alisoma kwetu, lakini Kiswahili chake kilibaki na Kimakonde ndani yake. Herufi r ilimshinda kabisa. Alisema "balabala", akasema "telekita", na wadogo zangu walimcheka mpaka mama akawafukuza na mwiko.

Posa ilipokuja, mama hakuuliza habari za kabila wala za ng'ambo, ingawa majirani walimtegemea aulize. Aliuliza kitu kimoja.

"Atakaa wapi mwanangu?"

"Mwenye shamba ameahidi nyumba, mama," mume wangu alijibu. "Matofali yapo. Anatafutwa fundi."

Mama akaridhika. Na hakuna aliyemdanganya, kwa sababu matofali yalikuwepo kweli. Niliyaona siku ile ile nilipofika, yamepangwa vizuri nyuma ya banda, na magugu yameshaota katikati yake, marefu kunipita kiuno.

Mwenye shamba alikuwa ametumikia miaka mingi pale Bandari ya Mtwara, akiwatolea watu mizigo yao forodhani. Alipostaafu akageukia shamba kwa nguvu zote. Aliishi Chikongola, mtaa wa mjini Mtwara, na kila baada ya siku chache alikuja na pikapu yake, amevaa kofia ya viua, shati limepigwa pasi, anakagua mkorosho mmoja mmoja kama mwalimu anayekagua kucha za wanafunzi. Hakuwa mtu mbaya. Alipokuahidi kitu, alikuwa anakiamini mwenyewe, na kule kukiamini kulimtosha.

Miezi ya kwanza sikuona shida. Nilikuwa mgeni wa ndoa, na mgeni wa ndoa haoni mengi. Mume wangu akirudi jioni alioga kwa maji niliyomtekea, tunakula nje mbele ya banda, tunasikiliza redio. Harufu ya dizeli niliizoea. Salfa ndiyo sikuizoea. Ilipenya kwenye mikeka, ikakaa kwenye shuka, na asubuhi nikikung'uta kanga inatoka vumbi la njano.

Ndipo ikaja haro.

Mwenye shamba aliipata kwenye shamba moja kubwa lililokuwa likifungwa, mbali huko bara. Ililetwa na lori, imefungwa kamba kila upande, na ilipoteremshwa chini kila mtu shambani alikuja kuitazama. Kwa asiyeijua, haro ni fremu ya chuma yenye sahani nyingi za chuma zenye makali, inafungwa nyuma ya trekta, na inapopita inakatakata mabonge na magugu mpaka ardhi inabaki laini kama unga. Hii ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kuziona. Mume wangu aliizunguka polepole, akaweka kiganja juu ya sahani moja, akacheka peke yake.

"Halo," akasema.

Mwenye shamba akaitikia, "Halo, vipi?" kisha akagundua kwamba hakuwa anasalimiwa, ilikuwa inatajwa mashine. Tulicheka sote, naye pia.

Kicheko kiliisha jioni, ilipofika saa ya kuiingiza ndani. Banda lilikuwa na kuta tatu za matofali, na mbele mlango mpana ulio wazi, katikati ya nguzo mbili za zege zilizobeba boriti la paa. Trekta lilipita hapo bila tatizo na tela vilevile. Haro ilizidi mlango kwa kiasi cha dhiraa moja.

Mume wangu alirudi nyuma taratibu akitumaini macho yake yamemdanganya. Hayakumdanganya. Sahani ya pembeni ikauma nguzo ya kushoto, kipande cha zege kikadondoka, na mwenye shamba akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Simama! Simama! Utaniangushia paa!"

Walijaribu kufungua mabawa ya haro, zile sehemu zake za pembeni, ili iingie vipandevipande. Mwenye mali wa zamani alikuwa ameyachomelea. Wakasema wabomoe nguzo, lakini nguzo ndizo zilizoshika paa zima. Mwisho wakaiacha nje, wakaifunika makuti. Masika yale yakainyeshea. Mbuzi waliyala makuti, mvua ikaosha grisi, na tulipoifunua sahani zilikuwa na kutu nyekundu kama udongo wa Newala. Mume wangu alikaa siku nyingi akiisugua kwa brashi ya waya.

Mimi nilikuwa nikiiangalia haro ile kila siku nikipika, maana jiko langu la mafiga lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Siku moja nikakumbuka samadari ya bibi. Shangazi yangu alipoolewa, kitanda kile kilihamishwa kutoka chumba cha ndani, na milango ya nyumba zetu za Mikindani ni myembamba. Wanaume walikisukuma na kukivuta wakitokwa jasho, mpaka bibi akawaambia wakiinamishe, watoe pembe moja kwanza, wakisogeze pembeni, halafu wakigeuze polepole pembe ya pili ifuate. Kikatoka bila kukwaruza ukuta.

Nikamwambia mume wangu. Akachukua kijiti, akachora chini mchangani: nguzo mbili, trekta, haro. Akakaa akitazama mchoro wake.

"Inawezekana," akasema. "Ingia mshazali. Bawa la kulia litangulie ndani, halafu nisogee, halafu ninyooshe, la kushoto lifuate."

"Basi si umepata?"

"Nimepata." Akagusa mchoro kwa kijiti. "Lakini bawa la kulia litahitaji nafasi ya kugeukia. Pale ndani upande wa kulia."

Upande wa kulia ndipo tulipokuwa tunalala.

Kwa hiyo, mwanzo wa masika yaliyofuata, tulikivunja chumba chetu. Kitanda kikatoka nje, sanduku langu la nguo likatoka, masufuria yakatoka, kiambaza kikakunjwa. Mume wangu akapanda kwenye trekta, nami nikasimama nyuma kumwongoza, kwa sababu kutoka kwenye kiti bawa la kushoto halionekani kabisa. Mwenye shamba alikuwepo.

"Mwanamke na mashine, hapana," akasema. "Sogea, mama. Nitaongoza mimi."

"Mzee," mume wangu akamwambia kutoka juu, kwa adabu lakini bila kuzima injini, "wazo ni lake. Mwache aongoze."

Mzee akarudi nyuma, akakunja mikono. Mimi nikaanza kama nilivyowasikia vijana wa malori pale mjini: njoo, njoo, kata kulia, kata zaidi, hapo, nyoosha, njoo. Sahani ya pembeni ikapita karibu na nguzo kiasi kwamba nisingeweza kupitisha kidole. Haro ikaingia. Wafanyakazi waliokuwa wakiangalia wakapiga makofi, na mzee akasema, "Haya," akaenda kuwasha pikapu yake.

Nilifurahi siku hiyo. Furaha haikudumu, maana baada ya haro kuingia ilibidi turudishe chumba, na nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Kitanda chetu sasa kilipakana na sahani. Nikijigeuza vibaya usingizini kiwiko changu kinagusa chuma baridi. Na Mei ilipofika, haro ikatakiwa kutoka kwenda kusafisha chini ya mikorosho, tukavunja tena. Mvua zilipokaribia tena, tukavunja tena. Safari hiyo nilikuwa na mimba. Nilikuwa nimebeba godoro kichwani, nimelifikisha nje, na mvua ya kwanza ikaanza kudondoka juu yake.

Nikaliacha pale pale. Nikachukua kanga zangu, nikamwambia mume wangu, "Mimi naenda kwa mama."

Hakunizuia. Alisimama na spana mkononi. "Una haki," akasema, na hilo ndilo lililoniliza njia nzima.

Nilimkuta mama akiloweka mchele wa vitumbua vya kesho yake. Nilimweleza yote, kuanzia matofali mpaka godoro. Nilitegemea aseme rudi kwa mumeo, mvumilie, au aseme bora ubaki hapa hapa. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliumwaga ule mchele kwenye kapu, akampelekea jirani, akafunga kibaraza.

"Twende nikapaone," akasema.

Tulifika mchana, mume wangu hayupo, yuko shambani. Mama aliingia ndani ya banda, akakaa kwenye kitanda chetu, akaitazama haro kwa muda mrefu. Akainusa shuka. Nilijua anahesabu maneno ya kumwambia mkwewe, na nilianza kumwonea huruma mume wangu. Lakini aliporudi na kumwamkia, "Shikamoo mama," amesimama mbali kwa aibu, mama alimwitikia vizuri, akamuuliza amekula nini tangu niondoke. Alikuwa amekula mihogo mibichi. Mama akaenda kukoka moto kwenye mafiga.

Siku iliyofuata mwenye shamba akaja. Mama alijifunga ushungi wake, akamfuata kwenye pikapu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu shamba."

"Nimeshakaribia. Nimelala humo." Akaonyesha banda. "Shamba zuri. Asubuhi nimekung'uta kanga yangu, imetoka njano."

Mzee akakohoa. "Ile ni salfa."

"Nimeambiwa. Mwanangu ana mimba, baba, na sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza tu. Yale matofali pale nyuma yanamsubiri nani?"

Mzee akageuka akayatazama kama mtu aliyeyasahau. "Fundi."

"Fundi gani?"

"Sijampata bado, mama. Kusema kweli sijampata."

"Basi tusimsubiri. Tupe mahali tu. Miti ipo, udongo upo, sisi wenyewe tuna mikono. Tutakandika nyumba. Siku ukimpata huyo fundi utajenga ya matofali, hii tutafugia kuku."

Mzee alivua kofia yake, akajikuna utosini. Nilidhani amekasirika. Kumbe aibu ilimwingia, na mtu mzima akipatwa na aibu mbele ya watu hajui aiweke wapi. Akatupa mahali pazuri, pakavu, mbali na banda, chini kidogo ya mikorosho mikubwa. Kesho yake pikapu ilirudi na mlango juu yake. Mlango wa mbao nzito, una bawaba na kitasa na ufunguo. Aliung'oa kwenye stoo ya nyumba yake mwenyewe kule Chikongola. Aliushusha yeye na mume wangu.

Mama alikaa mpaka nyumba ikasimama. Mume wangu alikata miti na fito, wafanyakazi wa shamba wakasaidia kuchimba na kusimamisha, na siku ya kukandika walikuja wanawake wa vijiji vya karibu, wengi wao wa asili ya ng'ambo kama mume wangu, wakiimba kwa Kimakonde huku wakitupa matonge ya udongo ukutani. Mama hakujua neno hata moja, lakini kiitikio alikishika, na mpaka jua lilipokuwa utosini alikuwa akiongoza upande mmoja. Udongo ulimjaa mpaka kwenye nyusi. Sikuwahi kumwona mama yangu hivyo. Kule mjini alikuwa mtu wa heshima na kibaraza. Pale alikuwa msichana.

Ni wakati huo huo nilipojifunza kuendesha trekta, na ilianza kwa ugomvi mdogo. Haro ilitoka tena kulima, na tulipokuwa tukiirudisha bandani nilimwambia mume wangu kata, akachelewa, nikampigia kelele. Akazima injini.

"Unadhani usukani huu unageuka kama mchi kwenye kinu," akasema. "Panda wewe uone."

Alitaka kunifundisha adabu. Lakini nilipanda kweli, na tumbo langu, na nilipokanyaga klachi na kuisikia ile injini ikinguruma chini ya miguu yangu, sikutaka kushuka. Jioni nyingi baada ya hapo, kazi ikiisha, alinipa nizunguke uwanjani. Alinifundisha gia, akanifundisha mkono wa kunyanyulia haro, akanifundisha kurudi nyuma, ambako ni kugumu kwa sababu mkono unageuza huku na chuma kinakwenda kule. Alikuwa mwalimu mvumilivu. Nikikosea alisema "tena", hasemi zaidi. Mwenye shamba hakuambiwa.

Binti yetu alizaliwa hospitali mjini, na alipotoka hapo aliingia moja kwa moja kwenye nyumba yenye mlango wa Chikongola. Hajawahi kulala kwenye banda hata siku moja.

Alipokuwa ameanza kusimama kwa kushika vitu, ilikuja habari kutoka ng'ambo. Wazazi wa mume wangu walikuwa wamerudi kwao baada ya vita kwisha, na sasa baba yake amefariki. Mume wangu alikuwa amemaliza kulima mbuga ya chini, ile ya udongo mweusi karibu na mashamba ya mpunga, na trekta na haro alikuwa ameviacha kule kule avipandishe kesho yake. Hakungoja kesho. Akavuka kwa mtumbwi na jamaa zake. Aliniambia atawahi kurudi kabla ya mvua.

Mvua haikumngoja. Siku chache baadaye, alasiri, upepo ulibadilika, na upande wa baharini likasimama wingu zito la rangi ya zambarau. Kila mtu wa kule anaijua ile mbuga. Ikinyesha mvua moja ya kweli udongo ule unakuwa kama uji, na kilichobaki ndani yake kinabaki mpaka masika yaishe. Trekta na haro vingekaa pale vinazama, msimu mzima.

Pikapu ya mzee ikaja mbio. Alikuwa ameliona wingu kutoka mjini.

"Yuko wapi mumeo?"

"Hajarudi, baba. Bado yuko msibani."

Akatazama juu, akatazama upande wa mbuga. Alikuwa mzee siku ile kuliko siku zote nilizomwona. "Mzee mwenzangu amezikwa," akasema, "siwezi kumlaumu kijana. Basi. Liwalo na liwe."

Nilikuwa nimembeba mtoto kiunoni. Nilipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo.

"Nitalipandisha mimi."

"Utapandisha nini?"

"Trekta. Najua. Amenifundisha."

Alinitazama. Nilijua anatafuta lile neno lake la mwanamke na mashine, na nilimwona akilipata, halafu akaliacha. Labda ni wingu lililomfanya aliache. "Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipokuwa na mimba ya huyu."

"Astaghfirullah," akasema. Kisha akanyoosha mikono yake. "Nipe mtoto."

Tulishuka mbugani kwa pikapu. Trekta liliwaka mara ya pili. Nikanyanyua haro, nikaweka gia ya chini kama nilivyofundishwa, nikaanza kupanda. Matone ya kwanza yalianza kupiga boneti. Magurudumu ya nyuma yaliteleza mahali pamoja, nikahisi trekta zima likienda ubavu, nikataka kukanyaga breki. Mume wangu alikuwa ameniambia nisikanyage breki kwenye tope, niache liende. Nikaliacha liende. Likajishika, likapanda.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Nilipofika mbele ya banda mvua ilikuwa imeanza kweli, na bawa la kushoto, kama kawaida, silioni. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama katikati ya mvua, kofia imelowa imemshukia masikioni, mkono mmoja amemkumbatia binti yangu ndani ya koti lake. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

"Niongoze, baba!"

"Nifanyeje?"

"Sema kata, sema nyoosha! Angalia kushoto!"

"Njoo!" akapiga kelele. "Njoo, mama! Kata! Kata upande huu!"

"Upande upi?"

Alikuwa na mkono mmoja tu wa kuonyeshea, na mkono huo ulikuwa unakwenda kila mahali. "Wa Mtwara!" akasema. "Kata upande wa Mtwara!"

Nilicheka. Kwenye ile mvua, na hofu yote ile, nilicheka, na kucheka kule kukanilegeza mabega. Nikakata upande wa Mtwara. Bawa la kulia likaingia. "Sasa upande wa mto! Polepole! Polepole, mwanangu!" Nikakata upande wa mto. Nikanyoosha. Nikasikia mvua ikinyamaza kichwani na kuanza kupiga bati, nikajua niko ndani.

Nikazima injini. Mzee aliingia, akazunguka haro yote akigusa sahani za pembeni, kushoto na kulia. Hakuna iliyogusa nguzo. Akanirudishia mtoto, ambaye sasa alikuwa amenyamaza na kushika ndevu zake.

"Mumeo akirudi," akasema, "mwambie nilimkasirikia kwa kutokuniambia."

"Nitamwambia, baba."

"Halafu mwambie asante."

Mume wangu alirudi mvua zikiwa zimeshika. Alikuwa amekonda, ana huzuni ya msiba, na njiani alishapita mbugani akakuta maji matupu. Alifika nyumbani akiwa ameshakata tamaa. Nilimshika mkono nikampeleka bandani. Alisimama mlangoni. Akaangalia nguzo, akaangalia haro, akaniangalia mimi. Baadaye aliniambia kwamba tangu amzike baba yake hakuwa amelia, alikuwa akijizuia mbele ya mama yake na wadogo zake. Pale ndipo alipolia, amekaa kwenye gurudumu la trekta, nami nikakaa karibu naye mpaka akamaliza.

Miaka ilipoanza kuandikwa kwa elfu mbili, mume wangu alipata kazi bandarini ya kuendesha mashine za kupakia mizigo, na korosho zikawa zinampita mbele yake kwenye magunia badala ya matawini. Alikuwa anarudi mwisho wa wiki. Mwenye shamba alitakiwa atafute dereva mwingine. Alikuja nyumbani kwetu, akakaa kwenye mkeka, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu, na alipokwisha kuuliza zote akasema, "Sasa mimi sitafuti dereva. Au natafuta?"

"Hutafuti, baba," nikamwambia.

Nililiendesha trekta lile miaka mingi. Mwanzoni watu walisimama njiani kunitazama, na akina baba wengine walisema maneno yao, ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu ya injini. Baadaye walizoea. Mzee akakubali haro ikalime na mashamba ya majirani baada ya kazi yake kwisha, na wa kwanza kuniita walikuwa wale wale wanawake waliokandika nyumba yetu. Walikuwa na shamba lao la pamoja la mihogo upande wa kushuka mtoni, pori tupu la visiki na magugu, na walikuwa wakililima kwa jembe la mkono, kipande kila mwaka, na kila mwaka magugu yanawarudia nyuma yao.

Nilifika asubuhi. Walikuwa wamekaa kwenye mpaka, kila mmoja na mzigo wake wa pingili za muhogo. Nikashusha haro, nikaanza mstari wa kwanza. Magugu yalilala, udongo ukafunguka nyuma yangu mweusi wenye unyevu. Nilipogeuza mwisho wa shamba nirudi, nikaona hawakungoja nimalize. Walikuwa wameshaingia, wamesambaa kwenye mstari niliokwisha kuupita, wanainama, wanachomeka pingili, wanainuka, wanasogea. Mmoja alininyooshea mkono nipunguze mwendo, wanakuja. Nikapunguza gia, nikalima taratibu, nikiwaacha wanifuate.